Mtoto Aliyetangulia Uzinduzi

Zahanati ya kijiji cha Rwengara, wilayani Muleba, ilikuwa imekamilika kwa kila kitu isipokuwa kuzinduliwa. Bati lake lilikuwa jekundu, kuta nyeupe, na ndani kulikuwa na kitanda cha kujifungulia kilichokuja kwa meli kutoka Uswidi, mizani ya watoto, jokofu la dawa linalotumia umeme wa jua na mabenchi kumi na mawili ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyakalia. Mlangoni ulifungwa utepe wa bluu tangu mwezi wa tatu, ukimsubiri mgeni rasmi. Sasa ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Mgeni rasmi alikuwa ameahirisha mara nne, na katikati ya kuahirisha huko alibadilika mara mbili akawa mtu mwingine.

Muuguzi alikwisha kuletwa. Aliitwa Yuster, mwanamke mfupi wa maneno machache. Kila siku saa moja na nusu asubuhi alifika na sare yake, akasaini daftari la mahudhurio alilolibeba kwenye mkoba, akaketi barazani nje ya mlango uliofungwa. Mgonjwa akija alimgusa paji la uso, akamuuliza maswali mawili matatu, akamwandikia karatasi ya kwenda Muleba mjini. Saa tisa na nusu alasiri alisaini tena akaenda nyumbani.

Aliyejenga zahanati hiyo alikuwa Daktari Avit Karugendo, mzaliwa wa Rwengara, mwenye miaka sabini na moja. Alikuwa ametibu wazee katika mji mmoja wa kaskazini ya Uswidi kwa miaka thelathini na minne. Mkewe alizikwa hukohuko, watoto wake wawili walimpigia simu kila Jumapili, na pensheni yake yote ilikuwa imegeuka matofali na bati. Aliporudi alifikia kwa Benadetha, mjane wa mdogo wake, katika nyumba iliyozungukwa na kibanja cha migomba na kahawa. Humo waliishi pia Nicholaus, mtoto wa Benadetha, na mkewe Edvina aliyekuwa na mimba ya kwanza.

Alirudi akitamani kufanya kazi. Lakini leseni yake ya kutibu hapa nchini ilikuwa bado inashughulikiwa, na kijijini hakuna aliyemruhusu kushika hata jembe. Akiinua jembe, mtu alimpokonya. Akichukua ndoo, wanawake watatu walimkimbilia. Kila msibani na kila arusini aliwekewa kiti cha sofa mbele kabisa, akaombwa asalimie, akapigiwa makofi. Aliogopa sana kuonekana kwamba Ulaya imemfanya awe na kiburi, kwa hiyo alikubali kila alichoambiwa. Baada ya mwaka mmoja shingo yake ilikuwa imezoea kuitikia kwa kuinama tu.

Ndivyo alivyokubali pia ufunguo wa zahanati ukae kwa Mwalimu Byarugaba, mwalimu mkuu mstaafu na mwenyekiti wa Kamati ya Uzinduzi. Byarugaba hakuwa mtu mbaya. Aliamini tu kwamba kitu kipya kikionekana kimetumika, mgeni rasmi atajiona amedharauliwa, na kijiji hakitapata tena barabara wala umeme wa nguzo.

Jumatano moja barua ilikuja: mgeni rasmi angefika Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili. Byarugaba alikwenda kuukagua utepe, akakuta umepauka kwa jua na mbuzi ameutafuna upande mmoja. Kesho yake, Alhamisi tarehe sita, Nicholaus alipanda pikipiki yake kwenda Bukoba, kwenye maduka ya Miembeni, kununua utepe mwingine. Alipewa maagizo ya rangi, ya upana na ya mng'ao. Mkewe alikuwa bado na wiki tatu.

*

Mvua ilianza saa sita mchana. Saa saba Benadetha alirudi kutoka kwenye kahawa, akamkuta Edvina ameshikilia nguzo ya jikoni kwa mikono miwili, maji yakimtiririka miguuni.

Daktari alitoka chumbani, akamtazama, akajua mara moja kilichokuwa kinatokea, na mara hiyohiyo akajua kwamba hajui la kufanya. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa akiwasindikiza watu wanaoondoka duniani. Mara ya mwisho kumpokea anayekuja alikuwa mwanafunzi mwenye nywele nyingi.

Walimpigia Nicholaus, simu haikupatikana. Walimpigia kijana wa gari aina ya Probox, akawaambia kwamba maji yamebeba kalavati la bondeni na hakuna gari linalopita kwenda Muleba wala kurudi. Basi wakamfunika Edvina kwa turubai la kuanikia kahawa, wakamwongoza taratibu kupita migombani hadi zahanati, mwendo wa dakika kumi ambao siku hiyo ulichukua nusu saa.

Yuster alikuwa barazani mahali pake. Kofuli lilikuwa mahali pake. Ufunguo, hata hivyo, ulikuwa Nyanga, Bukoba, katika mfuko wa suruali ya Mwalimu Byarugaba, aliyekwenda kumzika shemeji yake. Benadetha alimpigia. Byarugaba alizungumza kwa sauti ya chini kwa sababu padri alikuwa akisoma. Alisikitika kweli. Alimwomba Edvina avumilie hadi jioni, na kama haiwezekani, basi waingie kwa namna yoyote ile, ila kwa hisani yao wasiuguse utepe, kwa sababu Nicholaus huenda asipate unaofanana.

Yuster aliinuka. Alivua viatu, akazunguka nyuma, akachomoa vioo vya dirisha la choo kimoja kimoja, akaviegemeza ukutani kwa mpangilio, akajipenyeza ndani. Walisikia ndoo ikianguka. Kisha komeo la mlango wa nyuma likafunguka, na Edvina akaingia akiwa ameshikwa huku na huku.

Kitanda cha Uswidi kilikuwa bado kimeviringishwa nailoni, kama kilivyotoka melini. Benadetha alitaka kuichana. Akasita, akamtazama Daktari. Daktari naye akamtazama Yuster.

"Mpandisheni hivyohivyo," Yuster alisema. "Na wewe Daktari, nenda kanawe mikono."

Ilikuwa mara ya kwanza katika mwaka mzima mtu kumtuma kazi. Alinawa hadi viwikoni, akirudia mara tatu.

Nailoni ilipiga kelele kila Edvina alipojigeuza, kelele za kuteleza na kukwaruza, hata Benadetha aliyekuwa akisali akapoteza hesabu ya rozari. Saa tisa na dakika ishirini mtoto akatoka, wa kike, akalia palepale. Benadetha akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Halafu akaona uso wa Yuster, akanyamaza.

Damu haikukatika. Ilishuka juu ya nailoni, ikafuata mikunjo yake, ikadondoka sakafuni. Yuster alikuwa ameweka mikono yote miwili tumboni kwa Edvina, akikandamiza.

"Sindano iko kwenye jokofu," alisema. "Sanduku la kijani."

Daktari alilifikia jokofu kwa hatua tatu. Mlango wake ulikuwa umezibwa kwa karatasi yenye mhuri wa Kamati na saini ya Byarugaba, na maandishi makubwa: LISIFUNGULIWE KABLA YA MGENI RASMI. Daktari alisimama mbele ya karatasi hiyo. Baadaye hakuweza kumweleza mtu alisimama kwa muda gani. Huenda ilikuwa pumzi mbili tu, lakini katika pumzi hizo mbili shingo yake ilianza kuinama kama ilivyozoea.

"Daktari," Yuster aliita bila kugeuka, "huyu anakwenda."

Akaichana. Alivunja kichupa, akavuta dawa, akamchoma Edvina pajani, kisha akachukua nafasi ya Yuster na kukandamiza tumbo kwa mikono yake mwenyewe, huku Yuster akitafuta mshipa wa kuweka dripu. Mikono ilikumbuka kile ambacho kichwa kilikuwa kimesahau. Baada ya dakika kumi na tano alihisi mfuko wa uzazi ukikaza chini ya kiganja, mgumu kama chungwa. Damu ikapungua. Edvina akafumbua macho akauliza kama mtoto ana vidole vyote.

Yuster akanawa, akafungua daftari jipya la wazazi, ukurasa wa kwanza. Namba moja. Akaandika jina la mama, tarehe, saa, uzito.

*

Jumamosi Kamati ya Uzinduzi ilikutana sebuleni kwa Benadetha, ikiwa na watu saba. Walianza kwa kumpongeza mzazi aliyekuwa amelala chumba cha pili na kusikia kila neno. Halafu wakaeleza matatizo.

La kwanza lilikuwa risala. Ilikwisha kuchapwa Bukoba katika nakala hamsini, na ndani yake yalitajwa vichupa mia moja vya dawa ya kuzuia damu kwa wazazi. Sasa vilikuwa tisini na tisa. Mjumbe mmoja alishauri isomwe "takriban mia moja". Mwingine akasema neno takriban linatia shaka, mgeni anaweza kudhani kuna wizi.

Tatizo la pili lilikuwa mtoto. Mtendaji wa kijiji, Rutaihwa, alieleza kwa upole kwamba hawezi kuthibitisha kizazi kilichotokea katika zahanati ambayo haijaanza kazi, kwa sababu zahanati ambayo haijaanza kazi haiwezi kuwa na mgonjwa. Ingewezekana kuandika kwamba mtoto alizaliwa nyumbani. Lakini kijiji kilikuwa na sheria ndogo, iliyopitishwa mwaka juzi, ya kuwatoza faini wanaojifungulia nyumbani, na faini hiyo ingemwangukia Benadetha.

Benadetha alikuwa akimimina chai. Aliuliza kama waandike basi kwamba mjukuu wake hajazaliwa. Rutaihwa akasema hapana, mama, amezaliwa, tatizo ni mahali. Nicholaus, ambaye bado aliona haya kwamba mkewe alikuwa akitokwa damu wakati yeye analinganisha tepe, akapendekeza waandike "njiani".

Sauti ya Edvina ilitoka chumbani. "Mwanangu hakuzaliwa njiani."

Ndipo Mwalimu Byarugaba akakohoa, akatoa wazo ambalo lilionekana kama mwanga. Mgeni rasmi wa safari hii alikuwa mama, na mama yeyote hupenda kumkuta mzazi. Kwa nini mtoto asizaliwe siku ya uzinduzi? Ukurasa wa kwanza wa daftari ungeandikwa upya. Kitanda kingefutwa na kuvishwa nailoni nyingine. Edvina aingie mapema kwa mlango wa nyuma, alale na mtoto, na utepe ukishakatwa mgeni amkute kama mzazi wa kwanza. Risala ingesomwa mia moja bila dhambi, kwa kuwa kichupa kingehesabiwa kimetumika siku hiyo. Mzazi angepewa doti mbili za khanga, beseni na sabuni, na mtendaji angeandika papo hapo barua ya kuthibitisha kuzaliwa kwa mtoto.

"Atakuwa na siku kumi na sita," Yuster alisema kutoka mlangoni.

"Wapo watoto wanaozaliwa wakubwa," Byarugaba akajibu.

Nicholaus aliuliza juu ya barua, akahakikishiwa, akasema kwa upande wake hana pingamizi. Kisha wote wakamgeukia Daktari, kwa kuwa zahanati ilikuwa yake na heshima ilikuwa yake. Walimtazama kwa upendo. Daktari alifungua kinywa aseme kitu, akaona nyuso saba zinasubiri, akainamisha kichwa kuitikia. Wakapiga makofi.

*

Kwa siku kadhaa Edvina hakuzungumza na mumewe ila kumwagiza maji. Kwa Daktari alikuwa na adabu ileile, lakini alipompa uji alitazama kikombe.

Jumatano Benadetha alikuwa kibanjani, na Daktari alileta birika la maji ya moto hadi mlangoni kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumpokonya. Edvina alikuwa amekaa mkekani akimwogesha mtoto. Kitovu kilikuwa kimedondoka siku mbili kabla.

Alimwomba aketi. Akaendelea kuogesha, kisha akauliza, "Baba, wewe ulikuwepo. Mwanangu alizaliwa lini?"

Daktari alimwambia kwamba ni mambo ya makaratasi tu, kwamba watu wametaabika kwa miezi mingi kwa ajili ya shughuli hiyo, kwamba baadaye itasahaulika.

"Siulizi makaratasi," alisema Edvina. "Nilikuwa nakufa, baba. Nilisikia kabisa unavyojisikia ukifa. Sasa wanasema siku hiyo haikuwepo, na wewe umekubali. Nikikuuliza wewe usiponijibu, nimuulize nani?"

Hakupandisha sauti. Alimkausha mtoto, akampaka mafuta, akamfunga. Daktari alikaa na birika mkononi hadi likapoa. Alikumbuka karatasi ya jokofu na zile pumzi mbili, na akaona aibu ambayo hakuwahi kuiona popote, hata siku alizokuwa mgeni katika nchi ya watu, anatamka maneno vibaya na wauguzi wanatazamana.

*

Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili jua liliwaka. Yaliletwa mahema mawili, spika, viti mia mbili kutoka Bukoba, na ng'ombe alichinjwa. Kwaya ya parokia ilikuwa na wimbo wenye jina la mgeni wa zamani, ikabidi jina jipya libanwe kwenye tuni isiyolitosha. Mgeni alitarajiwa saa nne. Edvina alilazwa kwenye nailoni mpya tangu saa tatu na nusu, pazia limefungwa, ameambiwa asitoke. Mtoto alinyonya, akalala, akaamka, akanyonya tena. Mgeni rasmi alifika saa nane na robo.

Alikuwa mama wa makamo, mchangamfu, mwenye haraka, akifuatwa na watu wanne wenye mafaili. Alishikana mikono na Daktari kwa muda mrefu kwa ajili ya picha. Byarugaba akatoa mkasi juu ya sinia lenye kitambaa. Mgeni akaushika, akaulizia kwanza kama ndani kuko tayari, na Byarugaba kwa furaha iliyomzidi nguvu akasahau utaratibu wake mwenyewe. Alisema kuko tayari, tena kuna mzazi, amejifungua alfajiri ya leo.

Mgeni akafurahi, akataka kumwona kwanza. Akainama, akapita chini ya utepe na watu wake wanne, na Kamati yote nyuma yao.

Edvina alikuwa amekaa kitandani. Mgeni alimpa pole, akampokea mtoto, akampima kwa mikono kama mtu aliyezaa wanne. Mtoto alikuwa mnene, mwenye shingo iliyokaza kidogo. Alimtazama mgeni usoni, akafuata hereni zake kwa macho.

"Huyu ni wa leo?"

Byarugaba alieleza juu ya lishe ya Rwengara, ndizi, maharage, maji safi ya chemchemi. Mgeni alikuwa amekwisha kufunua kitambaa na kuona kitovu. Akamgeukia mwenye zahanati.

"Daktari, mtoto huyu amezaliwa saa ngapi?"

Kamati yote ilimtazama Daktari kwa upendo uleule. Edvina hakumtazama. Alikuwa akinyoosha nailoni kwa kiganja.

"Saa tisa na dakika ishirini alasiri," Daktari alisema. "Alhamisi, tarehe sita. Hapa hapa. Mimi nilikuwepo na nesi Yuster alikuwepo. Mama yake alitokwa damu nyingi, na dawa ilikuwa imefungwa kwa karatasi ikikusubiri wewe. Nilichelewa kuifungua kwa sababu ya ile karatasi. Angekufa, ningekuwa nimemuua mimi, mimi niliyeinunua."

Nje kwaya ilianza wimbo kwa makosa, ikanyamazishwa.

Mgeni rasmi alimrudisha mtoto kwa mama yake kwa uangalifu mkubwa. Akasogea pembeni na watu wake wa mafaili, wakanong'ona. Mmoja wao akaja kueleza kwamba hakuna aliyekosea, ila kumetokea ugumu. Kituo kikiwa kimehudumia mgonjwa, kimekwisha kuanza kazi, na mheshimiwa hawezi kuanzisha kilichoanza. Ingekuwa kudanganya umma. Mheshimiwa alisema ameguswa sana, akamshika Edvina mkono, akatoka.

Hakukata utepe. Kwa kuwa alikuwa na uzinduzi mwingine wa kisima saa kumi jioni, mahali ambapo hawakuwa wamenunua utepe, mtu wake mmoja alifungua fundo, akaukunja vizuri, akauingiza kwenye gari. Mkasi aliacha.

Waliobaki walikula ng'ombe. Byarugaba alikaa peke yake chini ya hema mbele ya sahani ya mgeni rasmi, iliyokuwa imefunikwa tangu saa nne asubuhi. Hakumtazama Daktari. Mwishowe, kwa huzuni na kwa kuwa hapendi kitu kiharibike, akaifunua akaila yote.

Jumatatu kabla ya saa moja na nusu alikuwa wa kwanza mlangoni pa zahanati, amejikunja, jasho likimtoka. Tumbo lilikuwa likimkata na kumwendesha tangu Jumapili. Alitoa ufunguo mfukoni mwenyewe, akafungua kofuli, akaingia haraka bila kuangalia nyuma. Yuster alipofika alimkuta kwenye benchi, akamchanganyia dawa ya chumvi na sukari, akaandika jina lake katika daftari la wagonjwa. Saa tatu walikuwa wagonjwa kumi na wanne. Ufunguo ukabaki kwenye msumari ukutani, na hakuna aliyekuja kuudai.

Rutaihwa aliandika barua ya mtoto wiki iliyofuata, kwa tarehe sita. Nicholaus aliipeleka nyumbani, akaiweka mkekani mbele ya mkewe. Akamwambia kwamba nafasi ya jina ameiacha wazi ajaze yeye, ingawa kwa kawaida yao jina lilikuwa haki yake kama baba. Edvina akaandika Kokugonza. Usiku huo alimwachia nafasi kitandani.

Leseni ya Daktari haikuwa imekuja, kwa hiyo Yuster alimpa kazi isiyohitaji leseni. Alipima uzito wa watoto na kujaza kadi. Watu wa kwanza waliona vibaya wakataka kumtafutia kiti cha sofa, akawaomba wapange foleni. Wiki sita zilipotimia, Edvina alileta mtoto kwa chanjo. Alingoja zamu yake nyuma ya wanawake tisa, na ilipofika alimkabidhi Daktari mwanawe mkononi, akamuuliza kama alikunywa uji asubuhi. Daktari akasema alikunywa. Akamtundika mtoto kwenye mizani, akasubiri mshale utulie, akaandika kilo tano na gramu mia mbili.

Yuster aliichukua kadi, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Mwandiko gani huu, Daktari? Andika mtu aweze kusoma."

Akamrudishia. Daktari akakata alichoandika, akavuta kiti, akaandika upya polepole, tarakimu moja moja, huku mtoto bado ananing'inia na kurusha miguu.